PRI ya Mexico ilishikaje dola miaka 71, na tume ya uchaguzi ilijengwaje mpaka kikang'oka?

Njia Panda

Wakuu, salaam. Swali langu ni kwa wanaoijua siasa ya Mexico kwa undani.

Kila zikizungumzwa habari za vyama vilivyodumu madarakani, PRI hakikosi kutajwa: 1929 hadi 2000, rais mpya kila baada ya miaka sita, jeshi limetulia kambini. Maelezo mengi huishia kwenye "walikuwa wanaiba kura", na mimi jibu hilo haliniridhishi. Wizi wa kura unaweza kumvusha mtu uchaguzi mmoja au miwili, lakini hauwezi kukishikilia chama kwa vizazi vitatu.

Naomba kujua mambo matatu. Kwanza, nani alikuwa amefungwa na nini: mkulima, mfanyakazi, mbunge, mwenye gazeti? Pili, tume yao ya uchaguzi ilibadilishwa vipi, hatua kwa hatua, mpaka kwenye kituo cha kupigia kura chenyewe? Tatu, kwa nini wenye dola walikubali kuzibadili sheria zilizokuwa zinawabeba? Tafadhali tuweke miaka, vifungu na namba.

Mkwaju Mkavu

Njia Panda, nachukua la kwanza.

Anzia tarehe 17 Julai 1928. Siku hiyo Álvaro Obregón, rais mteule, aliuawa kwa risasi mgahawani jijini Mexico. Aliwahi kuwa rais, na katiba ilikuwa imerekebishwa ili aweze kurudi. Kumbuka kwamba vita vya 1910 vilianza kwa kaulimbiu ya Francisco Madero: kura iheshimiwe, na rais asirudi tena, baada ya Porfirio Díaz kung'ang'ania kiti tangu 1876 akiwa na mapumziko ya miaka minne tu. Viongozi wengine wa vita hivyo nao waliuawa: Zapata 1919, Carranza 1920, Villa 1923. Majenerali waliobaki wakaona wakiendelea hivyo watamalizana. Machi 1929 rais mstaafu Plutarco Elías Calles akawakusanya kwenye chama kimoja, PNR. Kwa hiyo lengo la mwanzo la chama halikuwa kushinda uchaguzi. Lilikuwa kuwapa wenye bunduki mahali pa kugawana vyeo bila kuuana. Fedha zake za mwanzo zilitoka kwa watumishi wa serikali, waliokatwa mshahara wa siku moja kila mwezi wenye siku 31, yaani siku saba kwa mwaka.

Mwaka 1933 katiba ikarekebishwa tena. Rais asirudi kamwe, hata baada ya kupumzika kipindi. Wabunge na maseneta wasigombee vipindi viwili mfululizo. Watu wengi huipita sehemu hii ya pili, ingawa uzito uko hapo. Mbunge aliyejua kwamba baada ya miaka mitatu hana kiti alihitaji cheo kingine, na mgawa vyeo alikuwa mmoja: rais, kwa kupitia chama. Hakuwa na sababu ya kumsikiliza mpiga kura wa jimboni kwake. Upande wa rais, alikuwa na nguvu za mfalme kwa miaka sita na alimchagua mrithi wake mwenyewe, lakini muda ukiisha alitoka kweli. Aliyekosa safari hii alikuwa na sababu ya kusubiri zamu ijayo kuliko kuingia msituni. Jeshi nalo lilipewa kundi lake ndani ya chama mwaka 1938, kikiitwa sasa PRM, kisha kundi hilo likavunjwa 1940. Tangu Miguel Alemán mwaka 1946, chama kilipopata jina la PRI, marais wote wamekuwa raia.

Sasa mkulima. Kifungu cha 27 cha katiba ya 1917 kilisema ardhi asili yake ni ya taifa. Rais Lázaro Cárdenas, kati ya 1934 na 1940, aligawa hekta zipatazo milioni 18, nyingi kwa mfumo wa ejido: ardhi inapewa kijiji, na kila kaya inapata haki ya kulima kipande chake. Haki hiyo haikuruhusu kuuza, kukodisha wala kuweka rehani. Ukiacha kulima miaka miwili mfululizo, ungeweza kunyang'anywa. Bila rehani hakuna benki ya biashara itakayokukopesha, hivyo mkopo, mbegu na mbolea vilitoka benki ya serikali, na orodha ilipitia kwa mwenyekiti wa ejido. Mwenyekiti huyo alikuwa mtu wa CNC, umoja wa wakulima ndani ya chama. Maombi ya ardhi ya ziada yaliweza kukaa maofisini miaka mingi, na kijiji chenye ombi linalosubiri hakipigi kura ya kuudhi. Lakini tusiwadhulumu watu hawa kwa kudhani walilazimishwa tu. Wengi walikipenda chama kwa dhati, kwa sababu walikuwa wanalima kwa haki yao ardhi ambayo babu zao waliilima kama vibarua wa hacienda, yaani mashamba makubwa ya matajiri.

Mfanyakazi alishikwa na sheria ya kazi ya 1931. Iliruhusu mkataba wa chama cha wafanyakazi kuwa na kipengele kinachomtaka mwajiri amfukuze kazi yeyote atakayefukuzwa uanachama. Kiongozi wa chama ndiye mwenye mkate wako. Shirikisho kubwa, CTM, liliundwa 1936 na kuwa nguzo ya PRI, na Fidel Velázquez aliliongoza kwa sehemu kubwa ya muda tangu 1941 hadi kifo chake 1997. Waliokataa utaratibu huo waliona: mgomo wa reli wa 1959 ulivunjwa na jeshi, na kiongozi wake, Demetrio Vallejo, akakaa gerezani miaka 11.

Magazeti yalihitaji karatasi, na tangu 1935 karatasi ilitoka kampuni ya serikali, PIPSA, kwa bei nafuu na kwa mkopo. Aliyeudhi alidaiwa deni lake lote mara moja, au shehena yake ilichelewa.

Wizi wa kura ulikuja mwisho wa orodha, kwa maeneo ambako hayo yote hayakutosha.

Bint Mvita

Mkwaju amemaliza la kwanza, nami naingia la pili. Wizi wenyewe ulikuwa na mbinu zenye majina, na kila marekebisho yalilenga mbinu fulani. Bila kuzijua, sheria zao zinaonekana kama urasimu mtupu.

Panya kichaa: unafika kituoni, jina halimo, unaelekezwa kituo cha pili, kisha cha tatu, mpaka unachoka. Iliwezekana kwa sababu daftari la wapiga kura liliandaliwa na wizara ya mambo ya ndani, na mitaa ya upinzani ilijulikana. Bembea: kundi linabebwa kwa basi kutoka kituo hadi kituo, likipiga kura kila mahali, kwa kuwa kadi haikuwa na picha. Taco: kura kadhaa zinakunjwa pamoja na kusukumwa sandukuni kwa mkupuo. Sanduku lenye mimba: linafika asubuhi likiwa tayari na kura ndani, na kwa kuwa halikuwa la kuonyesha ndani, nani angejua? Wasimamizi wa vituo waliteuliwa na watu wa serikali. Na palipokuwa hapana budi, namba zilibadilishwa baadaye, kwenye majumuisho, kwa sababu wakala wa upinzani hakuwa na nakala ya kuonyesha tofauti.

Uchaguzi wa rais wa tarehe 6 Julai 1988 ndio uliofichua yote. Matokeo ya mwanzo yalianza kumbeba Cuauhtémoc Cárdenas, mwana wa yule Lázaro, aliyekuwa ametoka PRI. Mwenyekiti wa tume alikuwa waziri wa mambo ya ndani, Manuel Bartlett. Ikatangazwa kwamba mfumo wa kompyuta umekwama. Hatimaye Carlos Salinas wa PRI akatangazwa mshindi kwa asilimia 50 na ushee, Cárdenas 31. Matokeo ya kituo kwa kituo yalitolewa kwa vituo karibu 30,000 kati ya 55,000 hivi. Kura zenyewe zilichomwa baadaye kwa uamuzi wa bunge, hivyo hakuna atakayezihesabu tena.

Baada ya hapo kazi ilienda hivi. Mwaka 1990 ikaundwa tume mpya, IFE, yenye watumishi wa kudumu wanaoajiriwa kwa mitihani, lakini waziri bado ni mwenyekiti. Daftari la zamani halikusafishwa. Lilitupwa, na watu wakaandikishwa upya nyumba kwa nyumba. Kuanzia 1992 ikatolewa kadi ya bure yenye picha, saini na alama ya kidole, na kufikia uchaguzi wa 1994 daftari lilikuwa na watu zaidi ya milioni 45. Kadi hiyo ikaaminika kiasi kwamba hadi leo ndiyo kitambulisho cha benki na cha kila ofisi. Mwaka huo 1994 wakaingizwa wajumbe sita wasio na chama. Mwaka 1996 serikali ikatolewa kabisa: mwenyekiti na wajumbe wanane wenye kura, wote wakipatikana kwa theluthi mbili ya baraza la wawakilishi, vyama vinakaa mezani na kusema, lakini havipigi kura. Mahakama ya uchaguzi ikawekwa ndani ya mhimili wa mahakama.

Sasa kituo chenyewe, sehemu ambayo ningependa kila anayeshughulika na tume za uchaguzi aisome mara mbili. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 750. Wakizidi, kinafunguliwa cha pili jirani, majina yakigawanywa kwa alfabeti. Wasimamizi si walimu wala watumishi walioteuliwa. Ni majirani wanaopatikana kwa kura ya bahati nasibu: inachezwa kwanza kwa mwezi wa kuzaliwa, na kwenye kila eneo inachukuliwa asilimia fulani ya daftari, 10 wakati wa uchaguzi wa 2000, sasa 13. Wanatembelewa nyumbani na kupewa mafunzo, kisha inachezwa ya pili kwa herufi ya jina la ukoo. Mwaka 2000 kila kituo kilikuwa na mwenyekiti, katibu, wahesabuji wawili na wa akiba watatu, kwenye vituo zaidi ya 113,000. Ili kununua matokeo itabidi uwanunue watu wasiojuana na ambao hukuweza kuwajua mapema.

Orodha ya kituoni ina picha ya kila mpiga kura, na vyama vyote vina nakala. Panya kichaa amekufa hapo. Sanduku lina kuta za kuonyesha ndani. Namba ya mfululizo iko kwenye kishina cha kitabu, si kwenye kura, hivyo idadi inahakikiwa bila kujua nani kampigia nani. Wino uliotengenezwa na wanakemia wa taasisi ya ufundi ya taifa, IPN, hauondoki kwa sabuni. Kura zinahesabiwa palepale, kila wakala anapata nakala ya fomu iliyosainiwa, na bango la matokeo linabandikwa nje ya kituo. Anayetaka kubadilisha namba njiani ana nakala nne au tano za kupambana nazo, na ukuta.

Kisichotibika kwa vifaa ni mtu kununuliwa kabla hajafika kituoni. Chakula cha asubuhi, mfuko wa saruji, tishio la kufutwa kwenye orodha ya msaada: hivyo vimeendelea, kwa vyama vyote.

Njia Panda

Dada Bint Mvita, Mkwaju, shukrani sana. Limebaki la tatu. Mwaka 1988 walikuwa na serikali, bunge, magavana wote. Nani aliwalazimisha?

Mkwaju Mkavu

Hesabu ya viti, kwanza. Baraza lina viti 500, na kurekebisha katiba kunahitaji theluthi mbili, yaani 334. Mwaka 1988 PRI kilitoka na 260 hivi. Salinas alitaka kurudisha benki kwa watu binafsi, kufuta marufuku za kanisa, na kubadili kile kifungu cha 27. Yote ni katiba. Kura alizopungukiwa zilikuwa kwa PAN, chama cha mrengo wa kulia kilichokuwa upinzani tangu 1939, na PAN kikataka bei yake kwenye sheria za uchaguzi. Mwaka uliofuata, 1989, serikali ikakubali kwa mara ya kwanza kupoteza ugavana, Baja California.

Lakini hata hiyo 260 ina historia yake. Mwaka 1976 mgombea urais wa PRI, López Portillo, alikuwa peke yake kwenye karatasi ya kura, kwa sababu PAN kilishindwa kuteua mgombea na Wakomunisti hawakusajiliwa. Ushindi wa namna hiyo ulikitia aibu chama, huku vijana wakiwa wamechukua silaha baada ya mauaji ya wanafunzi waandamanaji Tlatelolco, jijini Mexico, mwaka 1968. Ndipo 1977 waziri Jesús Reyes Heroles akafungua mlango: viti 300 vya majimbo, vingine 100 vya uwiano wa kura, usajili wa muda kwa chama kitakachopata asilimia 1.5. (Msivichanganye na viti maalumu vya kwetu; hivi havihusiani na jinsia.) Mwaka 1986 vya uwiano vikawa 200. Nia ilikuwa kuwaingiza wapinzani bungeni wakiwa wachache. Miaka kumi baadaye wachache hao ndio walioshika ufunguo wa theluthi mbili.

Na vile vifungo vya zamani vilikuwa vinalegea. Mwaka 1940 wakaaji wa mijini walikuwa kama asilimia 35. 1990 walifika 71. CNC haina la kumwambia mtu anayeishi pembezoni mwa jiji. Madeni ya 1982 yaliifanya serikali iuze mashirika yake: yalikuwa 1,155, baada ya miaka kumi yalibaki mia mbili na kitu, na kwa kila shirika lililouzwa chama kilipoteza vyeo vya kugawa. Mwaka 1992 ugawaji wa ardhi ukasimamishwa na wanaejido wakaruhusiwa kupata hati na kukodisha. Kiuchumi waweza kulijadili, kisiasa PRI kilijikata mkono wake wa vijijini.

Kisha ukaja 1994. Januari mosi waasi walioitwa Wazapatista waliteka miji ya jimbo la Chiapas, Machi mgombea wa PRI, Luis Donaldo Colosio, akauawa Tijuana, Desemba peso ikaporomoka. Rais mpya, Ernesto Zedillo wa PRI, alihitaji uchaguzi usiobishaniwa kuliko alivyohitaji ushindi. Mageuzi ya katiba ya 1996 yalipita bila kura ya kupinga. Ruzuku ikagawanywa asilimia 30 sawa kwa sawa na 70 kwa kura. PRI kilipata fungu kubwa zaidi, lakini upinzani ukawa na fedha za uhakika na muda wa televisheni nchi nzima. Mwaka 1997 PRI kikapata viti 239, kikapoteza wingi. Tarehe 2 Julai 2000 Vicente Fox wa PAN akapata asilimia 42.5 dhidi ya 36 za Labastida wa PRI, na usiku huohuo Zedillo akatokea kwenye televisheni kukubali.

Mwalimu wa Zamu

Nawashukuru ndugu zangu, ila maelezo yenu yanakaribia kutuaminisha kwamba demokrasia ililetwa na wanasheria na viongozi wa vyama mezani. Watu walikufa. Juni 1971 vijana waliandamana tena jijini Mexico wakavamiwa na kundi lililofunzwa na serikali. Jimboni Guerrero kwenye miaka ya 1970 jeshi liliwatowesha watu ambao familia zao bado zinawatafuta. Wakulima 17 waliuawa na polisi Aguas Blancas Juni 1995. Watu 45, wengi wanawake na watoto, waliuawa Acteal Desemba 1997, tayari tume huru ikiwepo. Na baada ya tetemeko la Septemba 1985, serikali ilipochelewa, wakaaji wa jiji walijipanga wenyewe kufukua vifusi, na vikundi hivyo havikurudi tena kwenye CNOP, tawi la chama la watu wa mijini.

Jambo jingine mliloliruka ni vijiji vya wenyeji wa asili. Oaxaca ina manispaa 570. Tangu 1995 sheria ya jimbo inatambua kwamba zaidi ya 400 kati ya hizo zinachagua viongozi kwenye mkutano wa kijiji, bila vyama. Mtu hupanda ngazi za utumishi usiolipwa, kuanzia tarishi au mlinzi, mpaka awe mkuu wa manispaa. Wengine husema huu ni uhuru wa kale. Ukweli wake una pande mbili. Kwa miaka mingi uamuzi wa mkutano uliandikishwa kimyakimya kama ushindi wa PRI, na sheria ya 1995 ilikata mkondo huo. Lakini vijiji kadhaa viliwanyima wanawake au wakaaji wa vitongoji haki ya kuingia mkutanoni, na mahakama ya uchaguzi imefuta chaguzi kwa sababu hiyo.

Bint Mvita

Mwalimu umesema kweli, na kwa wanawake niongeze kisa kinachofundisha. Walipata kura ya taifa Oktoba 1953, lakini viti vilibaki vya wanaume. Ukaja mgawo wa lazima wa asilimia 30 mwaka 2002, kisha 40 mwaka 2008. Kila mgombea Mexico huwa na mbadala wake, atakayekalia kiti mwenyewe akiondoka. Mwaka 2009 vyama viliweka wanawake wagombea na wanaume wabadala. Wanawake kadhaa waliposhinda wakajiuzulu punde, wanaume wakakaa. Mwaka 2011 mahakama ya uchaguzi ikaamuru mbadala awe wa jinsia ileile, na mwanya ukazibwa. Mwaka 2014 usawa wa nusu kwa nusu ukaingia kwenye katiba, na 2021 baraza likafikia nusu kweli.

Njia Panda

La mwisho, mnivumilie. Baada ya 2000 uzio wote huo umebaki imara?

Mkwaju Mkavu

Kuna mwanya mmoja umeonekana wazi 2024. Mwaka 1996 iliwekwa sheria kwamba chama chochote kisizidi viti 300, na asilimia ya viti vyake isizidi asilimia ya kura zake kwa zaidi ya pointi nane, isipokuwa viti hivyo vyote kivishinde majimboni. Kipimo hicho kinahesabiwa kwa chama, si kwa muungano. Ukiwa na vyama vitatu vinavyogombea pamoja, na washindi wa majimbo mkawaandikisha kwa makubaliano kwenye vyama vidogo, kila chama kinabaki chini ya mpaka wake huku muungano ukiupita mbali. Muungano wa Morena, chama tawala, uliomwingiza Claudia Sheinbaum kuwa rais wa kwanza mwanamke, ulipata kura za baraza karibu asilimia 54 na viti 364 kati ya 500, yaani karibu 73. Vyama vingine, pamoja na PRI, viliwahi kuutumia mwanya huohuo kwa kiwango kidogo, na mahakama ikaruhusu hesabu hiyo Agosti 2024 kwa kufuata maandishi yalivyo.

Viti 334 vikapatikana, na Septemba katiba ikarekebishwa ili majaji wachaguliwe kwa kura. Uchaguzi huo ulifanyika tarehe 1 Juni 2025 na waliojitokeza walikuwa kama asilimia 13. Kituoni vifaa ni vilevile vya dada Bint Mvita, ila safari hii majirani hawakuhesabu kura palepale: ziliwekwa kwenye vifurushi na kuhesabiwa ofisi za wilaya za tume, kwa sababu karatasi zilikuwa nyingi na zenye majina mengi mno. Ukitaka kujua uzio uko wapi leo, fuatilia kama hesabu ya kituoni itarudishwa kwenye uchaguzi ujao wa majaji.